Tundu la Ghorofa ya Sita

Jamhuri ya Tandabui haionekani kwenye ramani nyingi, na wenyewe wanasema hilo ni kosa la ramani. Ni nchi ya amani, yenye nyimbo tatu za taifa, na inayoongozwa na Rais wa Kudumu wa Muda, cheo ambacho Bunge lilikipitisha baada ya kushindwa kukubaliana ni neno lipi lifutwe. Katika nchi hiyo ndimo alimofanya kazi Sikudhani Mabruki, mtunza maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Taifa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye sauti iliyofika mwisho wa korido bila yeye kuipandisha. Wanafunzi walimwita Mama Siku. Maprofesa walimwita pale tu kitu kilipoungua.

Kwa miaka kumi na tisa Mama Siku aliiendesha kemia ya nchi nzima ndani ya ghala la zamani la kahawa. Ghala lile lilikuwa na paa la mabati, madirisha kumi na manne yaliyofunguka, masinki tisa, na harufu ya kahawa ambayo hakuna tindikali iliyoweza kuishinda. Hakuna mgeni aliyewahi kulipiga picha. Lilikuwa linafaa tu, basi.

Ndipo serikali ilipoona kwamba taifa linalofikiri linahitaji jengo linaloonekana kuwa linafikiri. Kazi ikapewa Msanifu Mkuu wa Majengo ya Taifa, Bwana Hamdani Pazi, aliyekaa ughaibuni miaka kumi na mmoja akisomea majengo, akarudi na miwani ya duara, suti nyeupe na wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba ukuta mzuri ni ukuta ulionyamaza.

Jengo la Sayansi likasimama. Lilikuwa na ghorofa saba za zege tupu, juu ya miguu ishirini ya zege, mfano wa mtu aliyepandisha nguo avuke dimbwi. Lipu haikupigwa, rangi haikupakwa, baraza halikuwekwa. Watu wa mjini walipita, wakalitazama kwa huruma, wakasema litapendeza likimalizika. Miezi minane baada ya kumalizika walikuwa bado wanasema hivyo, na wazazi waliokuja kuwatembelea watoto wao waliwauliza walinzi wapiga lipu wamegomea nini.

Ngazi hazikuwepo. Msanifu Pazi alieleza kuwa ngazi humfundisha binadamu kwamba kuna wa juu na wa chini, jambo lisilokubalika katika Katiba ya Tandabui. Badala yake aliweka njia moja ya mteremko iliyozunguka ndani ya jengo kutoka chini hadi juu, nayo ikaitwa Njia ya Usawa. Mawaziri walikuwa na lifti.

Kemia ilipewa ghorofa ya sita, kwa kuwa Waziri wa Majengo na Mandhari alisema haiwezekani elimu ya juu ikafundishwa chini. Ghorofa ya saba iliachwa tupu kwa ajili ya sayansi zitakazogunduliwa baadaye.

*

Siku ya kuhama, Mama Siku aliipanda Njia ya Usawa akiwa ameikumbatia mizani ya maabara, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine nayo. Alifika juu, akausukuma mlango kwa kiuno, akasimama. Chumba kilikuwa kizuri, hilo hakulikataa. Kilikuwa kirefu na kitulivu kama maktaba siku ya mechi. Meza arobaini za zege, zilizomwagwa pamoja na sakafu, zilijipanga kwa mistari iliyonyooka hadi ukutani. Mwanga uliteremka kutoka kwenye vipenyo vyembamba karibu na dari, vyenye vioo visivyofunguka.

Akaiweka mizani mezani. Akazunguka chumba mara mbili, akipapasa kuta kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha akamgeukia mkuu wa kitivo, Profesa Ndimbo, mtu mpole ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kuimaliza sentensi inayoweza kunukuliwa dhidi yake.

“Profesa,” alisema, “maji yako wapi?”

Profesa Ndimbo alitazama kuta, akatazama dari, akamalizia kwenye viatu vyake. Akasema suala hilo, kwa kadiri yake, na kwa namna fulani, lingefaa aulizwe mwenyewe. Na mwenyewe alikuwepo. Msanifu Pazi alikuja siku ile kupigwa picha na ukuta. Alimsikiliza Mama Siku kwa adabu, akatabasamu bila ubaya wowote.

“Maji yapo,” alisema. “Yapo kidhana.”

Akamweleza kwamba bomba ni kelele. Michoro ya mwanzo ilikuwa imejaa mabomba, naye akayatoa moja baada ya jingine kama mtu anayeng'oa mvi, mpaka ukuta ukatulia. Kabati la kufanyia kazi za moshi lilikuwepo, tena la kupendeza, ila dohani yake ilipanda hatua moja, ikaingia ukutani, ikaishia humo humo. Moshi ukifika pale ulitegemewa utafakari.

Mama Siku aliikumbatia tena mizani. Moyoni alikuwa ameshaamua kurudi ghalani na mizani yake. Wakati huohuo ukasikika mngurumo kutoka nje, na kwa kuwa vipenyo vilikuwa juu mno kuchungulia, ilibidi aelezwe na mlinzi kwamba tingatinga linaliangusha ghala, ili wageni wa siku ya ufunguzi wapate pa kuegesha magari.

*

Ilibaki wiki saba kufika mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu. Wanafunzi walikuwa mia moja na kumi na wawili, na bila mtihani huo hakuna ambaye angepata shahada. Wangerudia mwaka. Wengi walikwisha kurudia mwaka wa pili, chuo kilipofungwa kwa miezi tisa kupisha sherehe za kutimiza miaka kumi bila chuo kufungwa.

Hivyo Mama Siku akanunua ndoo. Bomba lilikuwa moja, chini, nyuma ya kibanda cha walinzi, na kila asubuhi msururu wa wanafunzi wenye makoti meupe uliizunguka Njia ya Usawa na ndoo vichwani. Ndoo iliyoondoka chini imejaa ilifika ghorofa ya sita ikiwa nusu, na nusu nyingine iliwafanya waliofuata nyuma wateleze. Majimaji machafu ya kemia yalishushwa kwa ndoo nyingine, zenye alama nyekundu, na kulikuwa na mzunguko mmoja, karibu na ghorofa ya nne, ambapo ndoo zinazopanda zilikutana na ndoo zinazoshuka na watu wote wakawa waangalifu sana.

Wiki ya pili walijaribu kazi ya amonia. Kabati lilipokea moshi, dohani ikaupokea, moshi ukatafakari, ukarudi. Darasa zima lilitoka likitokwa na machozi, likashuka mizunguko sita, likaketi kwenye nyasi. Mpiga picha wa gazeti la serikali alikuwa akipita. Kesho yake ukurasa wa mbele ulieleza kuwa wanafunzi wa sayansi wamebubujikwa na machozi ya shukrani kwa jengo walilopewa.

Siku hiyo ndipo Debora Mkopi alipokuja kukaa karibu na Mama Siku. Debora alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mama wa watoto wawili, anayetoka wilaya ambayo tangu iundwe haijapata mwalimu wa kemia. Shule ya kwao ilimwekea nafasi, na mwalimu mkuu alikuwa akimwandikia kila mwezi kumuuliza amefikia wapi. Alikuwa bado anapangusa macho kwa upindo wa koti.

“Mama Siku, sikulaumu,” alisema. “Ila nakwambia mapema. Nikiambiwa nirudie mwaka tena, narudi nyumbani, na sirudi huku.”

Mama Siku alimwambia hatarudia. Alilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango, ingawa mpango wenyewe aliupata baadaye, akiwa njiani kupanda: alihitaji tundu. Tundu moja tu, upana wa shubiri, nyuma ya kabati, ili apitishe bomba la bati na moshi utoke nje ukatafakari huko.

*

Profesa Ndimbo alikubali kuiandika barua ya maombi baada ya kuombwa mara tatu, kwa sharti kwamba neno “tundu” lisiwemo. Alilihofia. Alikaa nayo siku mbili, akaileta ikiwa inaomba kibali cha “ukosefu mdogo wa ukuta”.

Mama Siku akaenda nayo Wizara ya Majengo na Mandhari, kwenye Idara ya Nyufa, Mianya na Matundu. Huko alipokewa na Bwana Kasiani, Afisa Matundu Daraja la Pili, mtu mkarimu aliyempa kiti, akamuuliza habari za nyumbani, akaisoma barua yote hadi muhuri. Kisha akamuuliza kama tundu hilo tayari lipo. Mama Siku akasema halipo, ndiyo maana ameomba.

Bwana Kasiani alisikitika kwa dhati. Alieleza kwamba idara yake ina uwezo wa kukagua tundu, kulipima, kulipa namba na hata kulifungia. Ila kulipitisha tundu lisilokuwepo, hapana, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya kipenyo kilichopimwa na sahihi ya aliyechungulia. Mama Siku akauliza, je, likiwepo? Likiwepo bila kibali, Bwana Kasiani alisema, hilo ni kosa la jinai. Akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba katika miaka yake kumi na minne kwenye idara ile bado hajabahatika kupitisha tundu hata moja, na kwamba angependa sana.

Habari zilimfikia Msanifu Pazi kabla Mama Siku hajafika chuoni. Mama Siku alimkuta ghorofa ya sita, amesimama mbele ya ukuta wa kabati, kiganja kimelala juu ya zege. Mama Siku alijiandaa kwa ugomvi. Alipomwona usoni, ugomvi ukamtoka.

Pazi hakufoka. Alimwonyesha mistari iliyobaki kwenye zege, alama za mbao zilizoshikilia ukuta ulipokuwa bado uji. Alizichagua mbao hizo moja moja, alisema. Miaka kumi na mmoja ugenini, kwenye chumba cha kupanga kilichokuwa na mabomba kila upande yakikoroma, alikuwa akiuona ukuta huu kichwani.

“Ukishautoboa,” alisema, “hautakuwa ukuta tena. Utakuwa kitu chenye tundu.”

Mama Siku aliifuata mistari ile kwa macho. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuupenda ukuta namna ile, na alimheshimu kwa hilo. Akamwambia ameelewa. Akamwambia pia kwamba yeye ana watu mia moja na kumi na wawili, na wao hawajanyamaza hata kidogo.

*

Ijumaa iliyofuata chuo kizima kiliitwa uwanjani kwa mazoezi ya ufunguzi rasmi, uliokuwa umepangwa wiki inayokuja. Walichofundishwa siku hiyo kilikuwa makofi. Yalikuwepo makofi ya kawaida, makofi ya kupendezwa, na makofi ya kutoamini bahati yetu, na kila aina ilirudiwa mpaka Waziri, aliyekuwa na kipaza sauti, aridhike.

Mama Siku hakwenda. Alikuwa ghorofa ya sita na mwashi aitwaye Kachingwe, mmoja wa waliolimwaga zege la jengo lile, aliyekuja na nyundo na tindo ndani ya kikapu, juu yake amefunika mchicha. Kachingwe aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea hatua mbili, akagonga tena.

“Hapa kando ya kabati hakuna nondo,” alisema. “Siku tuliyomwaga hapa lori la nondo lilikuwa limeazimwa kwenye harusi.”

Shida ilikuwa sauti. Pigo la kwanza lilizunguka Njia ya Usawa yote na kurudi. Wakasubiri. Hakuna aliyepanda. Ndipo kutoka uwanjani yakaja makofi ya kawaida, watu elfu tatu kwa mpigo mmoja, na Kachingwe, ambaye ujanani alipiga ngoma za harusi, akainua nyundo na kuingia humo humo. Walipopiga naye alipiga. Waziri alipowasimamisha kuwakaripia, Kachingwe alisimama, akafuta jasho. Makofi ya kupendezwa yalikuwa ya haraka zaidi na yalikula kiganja kizima cha zege. Yale ya kutoamini bahati yetu yalikuwa ya fujo, hayana hesabu, na kwa hayo tindo likatokea upande wa pili.

Mwanga mwembamba ukaingia, ukalala mezani. Nyuma yake ukaingia upepo.

Mama Siku aliinama, akachungulia. Aliona paa za mji, nguo zimeanikwa, mtu anamwosha mbuzi, na mbali kidogo uwanja na watu wadogo wadogo wakipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nje akiwa ndani ya jengo lile. Akacheka peke yake hadi Kachingwe akamuuliza kuna nini, akampisha naye achungulie.

Bomba la bati lilikuwa kwa fundi, lingekuwa tayari Jumatatu. Mama Siku alifagia vumbi la zege, akamshukuru Kachingwe, wakagawana mchicha.

Saa moja jioni, akiwa jikoni kwake, redio ikatangaza kwamba ufunguzi wa Jengo la Sayansi utafanyika kesho, Jumamosi. Daraja ambalo Rais alikuwa alifungue siku hiyo lilikuwa halijapatikana.

*

Asubuhi Mama Siku aliwahi. Alitaka kuliziba tundu kwa chochote. Matambara yalionekana ni matambara. Alifikiria picha ya Rais iliyotundikwa juu ya ubao, ila urefu wake kutoka sakafuni umewekwa na sheria, na tundu lilikuwa chini yake kwa mikono miwili. Mwishowe alivaa koti lake jeupe lililopigwa pasi, akasimama mbele ya tundu, akaomba Mungu awafanye wageni wawe na haraka.

Gazeti la serikali la asubuhi lilikuwa limeshaandika kwamba Rais alipanda Njia ya Usawa kwa miguu kama kijana. Ikabidi apande. Alikuwa mzee wa miaka themanini na moja, amevaa koti zito la nishani, na jengo halikuwa na dirisha hata moja linalofunguka. Ghorofa ya pili alitabasamu. Ghorofa ya tatu alisimama kuusifu ukuta kwa muda mrefu. Ghorofa ya tano hakusifu kitu. Waziri na Msanifu Pazi walikuwa wameshafika juu kwa lifti, wakiwa wakavu kabisa, na Profesa Ndimbo alikuwa mlangoni ameinama tangu msafara ulipoanza kupanda.

Rais aliingia maabara akivuta pumzi kama anayepuliza moto. Alipita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akielekea mahali penye nafasi ya kuegemea, na mahali penyewe palikuwa kando ya kabati. Mama Siku akalazimika kumpisha. Rais akaegemea. Upepo ukampiga shavuni.

Alifumba macho. Chumba kizima kilimtazama, kisha kikatazama kilichokuwa pembeni ya shavu lake. Msanifu Pazi alishika meza. Waziri alianza kuhesabu hatua za kufika kwenye lifti.

Rais alifumbua macho, akageuka, akaliangalia tundu.

“Hili ni nini?”

Profesa Ndimbo alifungua kinywa, akasema ni ukosefu mdogo, akaishia hapo.

“Nani alilifikiria?”

Aliuliza kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Watu wa Tandabui wana uzoefu wa miaka mingi na sauti hiyo. Swali kama hilo lilikwisha kuwapeleka watu ubalozini na lilikwisha kuwapeleka kwingine, na mwenye akili husubiri uso uonyeshe kwanza. Kwa hiyo walisubiri. Mama Siku alisubiri pia, kama pumzi mbili. Halafu akamwona Pazi, kijasho kimemtoka, suti nyeupe imegusa zege. Akajua kuwa ikienda vibaya, mwenye ukuta ndiye atakayebeba mzigo.

“Ni mimi, Mzee,” alisema. “Nilifikiria mimi, nikalitoboa mimi. Msanifu hakutaka.”

Rais alimtazama koti, akamtazama usoni.

“Tangu niamke leo,” alisema, “hapa ndipo nilipopumua.”

Makofi yaliyofuata hayakuwa yamefanyiwa mazoezi. Waziri, ambaye alishafika nusu ya njia kuelekea kwenye lifti, alirudi akieleza kwamba wizara yake ilikuwa na maono ya tundu tangu mpango wa pili wa maendeleo. Profesa Ndimbo aliimaliza sentensi, ya kwanza kwa miaka thelathini, kwamba kitivo chake kimelifanyia utafiti. Rais alipofika chini tundu lilikuwa na baba wanne na sera moja. Mama Siku hakutajwa tena, na alishukuru sana.

*

Furaha yake iliishia Jumatatu. Fundi bati alileta bomba, limekaa sawa, na Mama Siku akalibeba begani mizunguko yote sita. Alikuta tundu limezungushiwa kamba nyekundu, na mlinzi mwenye kofia mpya. Sasa liliitwa Tundu la Taifa. Kupitisha kitu chochote ndani yake, mlinzi alimwambia, kulikuwa kosa kubwa kuliko lile la kulitoboa. Shule za msingi zilianza kuletwa kulitazama, kwa mstari, kila mtoto sekunde nne.

Mama Siku aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bomba mapajani. Zilibaki wiki tatu. Debora alipita na maji kichwani, akamtazama.

Alhamisi likatoka Agizo la Upumuaji. Kila jengo la umma katika Jamhuri liwe na matundu yasiyopungua arobaini ndani ya siku tisa, na wakuu wa taasisi wataripoti. Nchi ikaingia kazini. Posta walitoboa mlango. Benki Kuu iliomba muda. Gereza Kuu liliomba ufafanuzi kwa maandishi.

Jengo la Sayansi, kwa kuwa ndilo lililokuwa mfano, lilitakiwa liwe la kwanza kutoboa na litoboe vizuri, na wizarani hakukuwa na mtu aliyejua tundu huwekwa wapi. Bwana Kasiani ndiye aliyemkumbuka mama aliyekuja na barua. Alipanda mwenyewe hadi ghorofa ya sita, akavuta pumzi karibu na Tundu la Taifa, kisha akamkabidhi Mama Siku uteuzi wa Katibu wa Kamati Ndogo ya Uwekaji wa Matundu. Mwenyekiti alikuwa Msanifu Pazi. Wajumbe wengine hawakuwepo.

Pazi alikuja kikaoni na michoro yake imekunjwa chini ya kwapa, amevimba macho. Hakuikunjua. Alisema matundu arobaini ni mauaji, na kwamba amekuja ili angalau awepo.

Mama Siku alimvutia kiti. Alimshukuru kwa kuja. Akamwambia hana ujuzi wa kupanga kitu kikapendeza ukutani, nyumbani kwake hata mapazia yamepishana. Yeye anachojua ni kimo tu: hili liwe usawa wa kiuno, hili la sakafuni, hili juu ya kabati. Yakae wapi, kwa mpangilio gani, mwenye jicho ni Msanifu. Asipoyapanga yeye, yatapangwa na Waziri.

Pazi aliketi. Akakunjua mchoro mmoja, akatoa penseli. Aliweka alama moja, akaifuta, akaiweka kidogo kushoto. Alifanya kazi mpaka wanafunzi wa asubuhi wakaondoka na wa mchana wakaingia, ndoo zikipita nyuma ya kiti chake, moja ikimwagikia viatu. Aliinua kichwa, akaitazama ile ndoo ikienda.

“Mama Siku,” aliuliza, kwa aibu kidogo, “kwa kawaida, maji huwa yanatoka wapi?”

Alimweleza. Alimweleza kuhusu tangi juu ya paa, bomba la kushuka, bomba la kurudisha machafu na mwinamo wake, na kwa nini koki ya maabara ina shingo ndefu. Pazi aliandika kila kitu. Aliuliza kama mabomba yanaweza kuwa ya shaba. Akauliza kama yanaweza kupita nje, wazi, yaonekane, yote yakishuka pamoja kama nyuzi za zeze. Alikuwa amesimama wakati anauliza.

Kwa siku tisa Kachingwe na wenzake watano walitoboa, safari hii mchana kweupe na kwa kibali, na Bwana Kasiani akapanda na kushuka na kipimo chake, akachungulia kila tundu, akaweka sahihi arobaini kwa furaha. Mabomba yaliandikwa kwenye fomu kuwa viambatisho vya matundu. Masinki yaliandikwa kuwa vikinga matone. Waziri alipokuja kukagua alihesabu matundu, akayakuta arobaini, akaondoka ameridhika, bila kuuliza kwa nini thelathini na tisa yana bomba ndani yake. Jioni ile alieleza redioni kwamba Tandabui sasa inaongoza ukanda mzima kwa uwazi.

*

Mtihani ulifanyika tarehe yake. Wanafunzi mia moja na kumi na wawili waliingia kwa makundi, makoti yakiwa makavu. Mama Siku alipita kati ya meza, mikono nyuma, akisikiliza maji yakianza na kukoma. Amonia ilipanda kwenye kabati, ikatoka nje kwa bomba la bati, ikaenda zake. Hakuna aliyelia.

Msanifu Pazi aliomba ruhusa ya kutazama, akaahidi hatazungumza. Alisimama kando ya sinki la mwisho. Baada ya muda alifungua koki, akatazama maji, akaifunga. Akaifungua tena. Mikono ya suti yake nyeupe ililoa hadi viwikoni, wala hakuonekana kulijali hilo.

Matokeo yalibandikwa baada ya siku kumi. Waliofaulu walikuwa mia moja na wanne. Debora Mkopi alikuwa wa tisa kutoka juu. Alipiga simu shuleni kwao palepale kwenye ubao wa matangazo, akamwambia mwalimu mkuu aandae chumba, na ahakikishe kina dirisha.

Wanane walifeli. Profesa Ndimbo alimwendea Mama Siku akiwa na wasiwasi, kwamba labda, kwa upande fulani, wizara ingeuliza sababu. Mama Siku aliichukua karatasi, akaisoma jina kwa jina. Mmoja alichanganya chumvi mbili zisizochanganywa. Wawili hawakujua kusoma mizani. Watano hawakuwa wamefungua daftari tangu mwezi wa tatu.

“Mwandikie Waziri hawakujua kemia,” alisema, na Profesa aliona kwamba anatabasamu. “Tangu jengo hili lijengwe, hao ndio watu wa kwanza kufeli kwa sababu ya sayansi.”

Akawapangia mtihani wa marudio, Jumatatu mbili mbele, saa mbili asubuhi, akawaambia waje mapema, wamekula.